Ni Nani Asiyetii Katika Nyumba Hii?

Somo: Waefeso 6:1–4

 Nawasalimu akina baba mliokaa karibu na redio, akina mama mnaosikiliza huku mkipika, na ninyi vijana ambao labda mmeambiwa mkae hapo msikilize hata kama hamkutaka. Mazungumzo ya leo ni yetu sote.

Mchungaji anapoitwa nyumbani kwa watu kusuluhisha ugomvi wa mzazi na mtoto, mara nyingi hukuta kila mmoja ameshika Biblia. Baba amefungua Waefeso sura ya 6, na kidole chake kiko juu ya aya ya kwanza, pale Mtume Paulo anapowaagiza watoto wawatii wazazi wao katika Bwana. Kijana naye amefungua sura iyo hiyo, lakini kidole chake kiko juu ya aya ya nne, pale akina baba wanapokatazwa kuwachokoza watoto wao. Kila mmoja anasoma aya ya mwenziwe. Hakuna anayesoma ya kwake.

Kwa hiyo leo sitaanza kwa kuwakemea watoto, wala kwa kuwalaumu wazazi. Nataka niwapeleke mpaka nyumba moja ya Kikristo ya zamani, nyumba ambamo utii ulifundishwa kwa bidii kuliko katika nyumba nyingi. Tutaona utii huo ulizaa nini, na tena tutaona ni mahali gani ulipovunjika. Na tukiwa ndani ya nyumba hiyo tutauliza swali moja: ni nani asiyetii katika nyumba hii?

Nyumba yenyewe ni ya kasisi Samuel Wesley na mkewe Susanna, katika mji mdogo wa Epworth, upande wa mashariki wa Uingereza. Ni mbali na kwetu, tena ni zaidi ya miaka 300 iliyopita. Lakini si nyumba ya kigeni kabisa. Ndimo walimolelewa John Wesley na ndugu yake Charles, ambao kwa kazi yao mwamko wa Wamethodisti ulianza. Mwaka wa 1862 Thomas Wakefield alifika pwani yetu ya Kenya, ametumwa na tawi mojawapo la Wamethodisti hao, akaanza kazi Ribe, karibu na Mombasa. Na hata wewe usiye Mmethodisti, huenda umeimba wimbo wa Charles Wesley Jumapili iliyopita bila kujua ni wa nani.

BINTI MWENYE MIAKA KUMI NA MITATU

Tuanze na mama wa nyumba hiyo alipokuwa bado msichana. Susanna alizaliwa London mwaka wa 1669. Alikuwa mtoto wa 25 wa Dakta Samuel Annesley. Baba huyu alikuwa mchungaji mashuhuri, lakini mwaka wa 1662 sheria mpya ilipowataka wachungaji wote wafuate kila neno la Kitabu cha Sala, alikataa kwa ajili ya dhamiri yake. Alipoteza kanisa lake pamoja na wenzake wapata elfu mbili. Wachungaji hao waliendelea kuhubiri nje ya Kanisa la Uingereza, wengine kwa shida nyingi.

Sasa, Susanna alipokuwa na umri wa miaka 13 hivi, baada ya kusoma na kuyapima mambo yale mwenyewe, aliamua kurudi katika Kanisa lile lile lililomtoa baba yake. Hebu fikiri, ndugu msikilizaji, kama wewe ungekuwa ndiye baba. Umeteseka kwa ajili ya jambo, umepoteza riziki kwa sababu yake, kisha mtoto wa nyumbani mwako, msichana mdogo, anasema, "Baba, mimi nimeona vingine." Wengi wetu tungeita hilo uasi. Wengi tungetafuta fimbo, au tungesema, "Basi, tafuta nyumba nyingine ya kulala."

Dakta Annesley hakufanya hivyo. Mtu aliyeteseka kwa ajili ya dhamiri yake mwenyewe hakuivunja dhamiri ya binti yake. Upendo wa baba na mtoto haukukatika. Na binti huyo, ingawa aliliacha kanisa la baba yake, hakuiacha heshima ya baba yake.

Hapo twajifunza maana ya yale maneno mawili ambayo wazazi huyapita mbio, "katika Bwana". Paulo hakusema tu kwamba mtoto amtii mzazi. Aliweka mpaka na msingi pamoja. Mzazi hupewa utii kwa sababu yeye mwenyewe amesimama chini ya Bwana. Ndiyo sababu katika Luka sura ya 2 twaona mambo mawili yakikaa pamoja bila kugombana. Yesu, mwenye umri wa miaka kumi na miwili, anawaambia Yusufu na Mariamu kwamba imempasa kuwa katika mambo ya Baba yake. Kisha mara hiyo hiyo anashuka nao mpaka Nazareti, akawa anawatii. Utii kwa Mungu haukumfanya asiwatii wazazi. Ulimfundisha kuwatii.

SHERIA ZA MAMA

Susanna aliolewa na Samuel Wesley mwaka wa 1688. Walizaliwa watoto 19, na katika hao walioishi hata wakawa watu wazima ni 10 tu, wavulana watatu na wasichana saba. Akina mama mnaonisikiliza, ninyi mnajua kaburi moja dogo lina uzito gani. Huyu alizika tisa.

Tena nyumba ilikuwa na dhiki. Samuel alikuwa msomi na mtunga mashairi, lakini fedha hazikukaa mikononi mwake. Mwaka wa 1705 alifungwa katika gereza la Lincoln kwa ajili ya deni lisilofika pauni 30. Susanna hakuwa na kitu cha kumpelekea, basi akavua pete zake akampelekea azitumie. Samuel akamrudishia.

Katika dhiki hiyo mama huyu alifungua shule ndani ya nyumba. Watoto walisoma saa sita kila siku, saa tatu asubuhi na saa tatu mchana. Mtoto alipofika miaka mitano alianza kusoma, na karibu wote walizijua herufi zote kwa siku moja. Mwaka wa 1732 John, ambaye wakati huo alikuwa mwalimu wa Chuo Kikuu cha Oxford, alimwomba mama yake amwandikie jinsi alivyowalea. Barua aliyomjibu ingalipo hata leo, na inafaa tuisikie habari yake.

Susanna aliamini kwamba ukaidi wa mtu kutaka lake tu ndio shina la dhambi na la taabu yote, na kwamba mzazi anayeutiisha ukaidi huo mapema anafanya kazi pamoja na Mungu. Alitumia fimbo, tena alianza mapema mno. Mtoto alipotimiza mwaka mmoja, na wengine hata kabla ya hapo, alifundishwa kuiogopa fimbo na kulia kwa sauti ya chini. Katika hilo simfuati, wala sidhani imetupasa kumfuata. Mtoto mchanga hulia kwa sababu hana lugha nyingine.

Lakini msiishie hapo kama wengi wanaomtaja Susanna Wesley kwa ajili ya fimbo yake tu. Sikilizeni sheria nyingine alizoziweka. Mtoto aliyeshtakiwa kosa, akaungama kweli na kuahidi kujirekebisha, hakupigwa. Kwa nini? Kwa sababu mama aliona kwamba hofu ya kupigwa ndiyo inayowafundisha watoto kusema uongo. Tena mtoto hakuadhibiwa mara mbili kwa kosa moja, wala hakukumbushwa baadaye kosa lililokwisha. Tena kila tendo la utii lilisifiwa, na mara nyingine lilipewa zawadi. Mtoto akijaribu kumpendeza mzazi asifanikiwe, nia yake ilipokelewa kwa upole na kazi akaonyeshwa vizuri zaidi. Mali ya mtoto mmoja haikuguswa na mwingine, hata kama ni pini. Ahadi ilitimizwa. Na msichana hakufundishwa kushona mpaka ajue kusoma vizuri sana.

Hebu tujipime kwa sheria hizo, wazazi. Je, mtoto wako akija kukuambia, "Baba, ni mimi niliyevunja," anapata nini? Kama anapata kipigo kile kile ambacho angekipata kwa kudanganya, basi umemfundisha nini? Je, kosa la mwaka juzi bado linatajwa mbele ya wageni? Je, mwanao akitii, unamwambia neno, au unanyamaza mpaka siku atakapokosa? Na yule msichana wako, anatumwa maji na kuni wakati ndugu yake anafanya kazi ya shule? Susanna alidai utii mwingi, lakini naye alijifunga kwa sheria. Watoto walijua kwamba mama naye kuna jambo asiloweza kulifanya. Hiyo ndiyo sababu neno lake lilikuwa na nguvu.

MAMA MWENYEWE CHINI YA AMRI

Tarehe 9 Februari 1709, usiku, nyumba ya Epworth iliungua yote. John, mwenye miaka mitano, alisahauliwa ghorofani. Aliokolewa dirishani na mtu aliyesimama juu ya mabega ya mwenziwe, na mara paa likaanguka. Baada ya moto watoto walitawanywa katika nyumba za watu mpaka nyumba mpya ijengwe. Waliporudi, mama aliona wamejifunza maneno na tabia ambazo hawakuwa nazo. Hakuanza kwa kelele. Alianza kwa zaburi. Aliweka desturi ya kuimba zaburi shule ilipofunguliwa na ilipofungwa, na kila jioni mtoto mkubwa alimchukua mdogo wake akamsomea zaburi za siku hiyo na sura ya Agano Jipya.

Baadaye kidogo kikapatikana ndani ya nyumba kitabu cha habari za wamisionari wawili waliotumwa na mfalme wa Denmark kwenda Tranquebar, kusini mwa India. Susanna aliguswa sana. Alijiuliza: kama watu hawa wameacha kwao kwa ajili ya roho za watu wasiowajua, mimi nimefanya nini kwa hawa waliozaliwa nami? Basi akajiwekea amri ya kuzungumza na kila mtoto peke yake, jioni moja katika juma, juu ya mambo ya roho yake. Jumatatu ilikuwa ya Molly, Jumanne ya Hetty, Jumatano ya Nancy, Alhamisi ya John, Ijumaa ya Patty, Jumamosi ya Charles, na Jumapili ya Emilia na Sukey. Miaka mingi baadaye John, akiwa mtu mzima na msomi, alimwandikia mama yake akimwomba ampe tena sehemu ndogo ya ile Alhamisi jioni.

Ndugu zangu, kuna watoto katika makanisa yetu ambao wamelipiwa karo, wamenunuliwa viatu, wamepelekwa shule ya Jumapili, wala hawajapata hata jioni moja ya baba au mama. Wameamriwa sana. Hawajasikilizwa.

Katika majira ya baridi ya 1711 hadi 1712 Samuel alikuwa London kwa mkutano wa makasisi. Jumapili jioni Susanna alikusanya watoto wake na watumishi, akawasomea sala na hotuba. Jirani mmoja akaomba kuja, kisha mwingine, hata wakafika watu wapata 200, wengine wamesimama kwa kukosa nafasi. Kasisi msaidizi hakupendezwa. Alimwandikia Samuel kulalamika, na Samuel akamwandikia mkewe kwamba heri aache.

Jibu la Susanna limekuwa mashuhuri. Alieleza kwa upole mema yaliyotokea, watu waliorudi kanisani na majirani waliopatana. Kisha akamwambia mumewe kwamba asimwambie kuwa anatamani tu mikutano iachwe, kwa maana hilo halitaituliza dhamiri yake. Kama ameona lazima, basi atoe amri kamili na ya wazi, itakayomwondolea yeye hatia siku watakapokuwa wote wawili mbele ya kiti cha hukumu cha Kristo. Samuel hakutoa amri hiyo.

Tazameni jambo hili. Mama huyu hakumdharau mumewe. Alikuwa tayari kutii. Lakini alimkumbusha kwamba anayeamuru naye ataulizwa. Watoto walikuwa mle ndani, John ana miaka minane na Charles minne, wakitazama mama yao akitii Mungu na kumheshimu baba yao kwa wakati mmoja. Hakuna somo la utii linalopita hilo. Mtoto hajifunzi kutii kwa sababu tumemwambia atii. Hujifunza akimwona mkubwa wake akitii.

HETTY

Sasa nimefika mahali pagumu, na ningeweza kupaacha. Wengi husimulia habari za nyumba ya Epworth wakaishia hapa, tukaenda zetu tukifurahi. Lakini kuna mtoto mmoja ambaye hatajwi sana kanisani.

Jina lake Mehetabel, nao walimwita Hetty. Alizaliwa mwaka wa 1697. Akiwa na miaka minane aliweza kusoma Agano Jipya la Kigiriki. Alikuwa mchangamfu, na alitunga mashairi mazuri. Mwaka wa 1725 alitoroka na mtu aliyemwahidi ndoa. Yule mtu hakumwoa. Hetty akarudi kwao na aibu yake, naye ni mjamzito.

Alikuwa amekosa, na hakukana. Alitubu, na inasimuliwa kwamba katika toba yake alikuwa tayari kuolewa na yeyote ambaye wazazi wangemkubali. Baba yake akaishika nafasi hiyo. Katika Oktoba ya mwaka ule ule akaolewa na fundi wa mabomba aliyeitwa William Wright, mtu ambaye hakufanana naye kwa elimu wala kwa nia. Mtoto aliyezaliwa alikufa, na watoto wa ndoa hiyo nao walikufa wakiwa wachanga. Hetty alimwandikia baba yake kumwomba amsamehe. Moyo wa baba haukulainika. Mwaka wa 1726 John aliandika katika barua kwamba baba, na mama pia, na baadhi ya dada zake, waliiona toba ya Hetty kuwa ya kujifanya.

Ndugu msikilizaji, tulia hapo kidogo. Ndoa ile ya Hetty ilikuwa tendo la utii. Mara ya kwanza hakutii akaumia. Mara ya pili alitii, akaumia miaka 25. Na wale waliokuwa na sheria kwamba mtoto aliyeungama asipigwe, wala asikumbushwe kosa lililokwisha, walimpiga binti huyu kwa kunyamaza kwao, na kosa lake hawakulisahau. Sheria waliyoiweka kwa pini na vikombe vilivyovunjika hawakuweza kuitimiza kosa lilipokuwa kubwa, na jina la baba lilipoguswa.

Basi nauliza lile swali letu. Katika mwaka ule wa 1726, ni nani asiyetii katika nyumba ya Epworth? Hetty alikuwa ametubu na kutii. Asiyetii sasa alikuwa kasisi, aliyesimama madhabahuni na kuwafundisha watu kusamehe kama tulivyosamehewa.

Na John je? Wakati huo alikuwa akimsaidia baba yake katika kanisa la kijiji cha Wroot, karibu na Epworth. Mwezi wa Agosti alihubiri juu ya upendo unaotupasa kuwaonyesha watu waliokosa. Kila mtu alijua anamsemea dada yake. Baba alichomwa sana, akamlalamikia Charles kwamba John anampinga mbele ya watu. Charles akamwambia John. Basi John alifanya nini? Hakuyafuta mahubiri yake, kwa maana yalikuwa kweli. Lakini alikwenda kwa baba yake, akamwomba radhi kwa kumhuzunisha, akajitolea kumsaidia katika kazi yake ya kuandika. Mzee akalia, akambusu mwanawe.

Hivyo ndivyo mtoto mkubwa anavyoweza kumwambia mzazi wake kweli. Hakunyamaza, lakini pia hakumtukana. Alimwambia kweli, kisha akamwendea na mikono ya kumsaidia. Yasikitisha tu kwamba upatanisho wa siku ile haukufika mpaka kwa Hetty.

MLANGO WA NYUMBA

Yaliyobaki nitayasema kwa ufupi. Samuel alipozeeka alimtaka John ashike kanisa la Epworth baada yake. Mwaka wa 1734 John, baada ya kufikiri sana mbele za Mungu, alimwandikia kwamba hawezi. Mzee alifariki Aprili 1735. Mwaka huo huo John na Charles waliitwa kwenda Georgia, katika Marekani, na John aliogopa kumwacha mama mjane. Inasimuliwa kwamba Susanna alimjibu kuwa hata angekuwa na wana ishirini angefurahi wote watumwe hivyo, hata kama asingewaona tena. Yule mama aliyetiisha nia za watoto wake tangu wachanga alijua siku ya kuwaachilia. Alikuwa amewalea kwa ajili ya Mungu, si kwa ajili yake mwenyewe.

Alikufa London Julai 1742, John na dada zake wakiwa kando ya kitanda. Alikuwa amewaomba wamwimbie Mungu zaburi ya sifa mara atakapotoka katika mwili, nao wakaimba. Na Hetty alikufa mwaka wa 1750. Charles alimzuru katika ugonjwa wake wa mwisho, akaandika habari zake kwa maneno ya huruma, akimfananisha na ule mwanzi uliopondeka anaoutaja nabii Isaya, ambao Bwana hatauvunja. Baba yake aliona toba ya kujifanya. Kaka yake aliona mwanzi uliopondeka. Ni mtu yule yule.

Wapenzi, huenda katika nyumba fulani jioni ya leo yuko msichana aliyerudi na mimba, ameketi nyuma ya nyumba kwa jirani au kwa shangazi yake, maana baba yake amesema asikanyage boma lake. Baba huyo labda ni mzee wa kanisa. Anasema, "Amenitia aibu mbele ya washirika." Huenda kuna kijana aliyekula karo ya shule, akaenda mjini, na sasa anaogopa kurudi. Nami sitaki kusema kwamba kosa lao si kosa. Amri ya tano haijafutwa. Kijana, kama umemdharau mama yako, ukamdanganya baba yako, inuka uende ukaungame, usingoje wao waanze. Usijifiche nyuma ya aya ya nne. Soma aya yako.

Lakini baba, mama, nanyi someni yenu. Katika Luka 15 yule baba alikuwa na wana wawili, na wote wawili walikuwa nje ya nyumba, mmoja kwa uasi, mwingine kwa hasira ya utii wake. Baba aliwatokea wote wawili. Alimkimbilia mmoja, akamsihi mwingine. Heshima ya mzee mwenye mali haikumzuia kukimbia barabarani. Mwanao aliyekosa akirudi na kutubu, ameshatii. Kuanzia saa hiyo zamu ya kutii ni yako. Amri uliyopewa ni kusamehe, na aliyekuamuru ni yeye ambaye Susanna alisema tutasimama mbele zake sote, waliotii na walioamuru.

Kuna mlango mmoja unaohitaji kufunguliwa jioni ya leo. Wewe unaujua. Usingoje mpaka fungu la mwisho la mazishi ndipo uufungue.

Tuombe.

Ee Baba yetu wa mbinguni, umetuvumilia sisi watoto wako wasiotii. Wape watoto wetu moyo wa kutii katika Bwana, na ujasiri wa kuungama wanapokosa. Utupe sisi wazazi kutii kwanza, tusije tukadai kwa watoto tusichokupa wewe. Walio mbali na nyumbani kwa sababu ya aibu, warudishe. Walio ndani nao wamefunga mlango kwa sababu ya heshima yao, wainue waufungue. Kwa ajili ya Yesu Kristo, Mwana wako, aliyekutii mpaka mauti. Amina.